Toka Kizuizini Hadi Wadini

Kati ya maovu yote yaliyowafanya Wakenya wasimame kudai mfumo wa vyama vingi, hakuna lililochukiwa kama kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mtu alichukuliwa usiku, akafungiwa mahali ambapo jamaa zake hawakupajua, na hapakuwa na hakimu aliyeulizwa neno. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, iliyohalalisha dhuluma hiyo, iling'olewa meno mwaka 1997, baada ya miaka mingi ya machozi na damu. Wengi walidhani ukurasa huo umefungwa. Sisi tunasema, bila kumung'unya maneno, kwamba haukufungwa. Kizuizi kimehama makao tu. Kimetoka Kamiti na vyumba vya chini vya Nyayo House, kikaingia katika wadi za hospitali, ambako Mkenya aliyekwisha kupona huzuiliwa asiende nyumbani kwa sababu hana fedha za kulipia matibabu yake.

Jinsi jambo hili linavyotendeka inajulikana na kila familia maskini ya Nairobi. Daktari huandika kwamba mgonjwa amepata nafuu na anaruhusiwa kuondoka. Karani wa malipo hufungua daftari na kusema kuwa deni halijalipwa. Askari wa lango huagizwa asimpishe mtu yule bila karatasi yenye mhuri. Basi hapo mgonjwa anakuwa mfungwa. Hakuna shtaka alilosomewa, hakuna wakili, hakuna jaji, wala hakuna tarehe ya kutoka. Kitanda alichokilalia hupewa mwingine, naye hujibanza pembeni au hulala sakafuni. Aghalabu gharama ya malazi huendelea kuhesabiwa, hivi kwamba kila siku anayozuiliwa kwa deni inaliongeza deni lile lile. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa ya deni ni kufungiwa, kwani walijua kuwa aliyefungiwa hawezi kwenda kuitafuta hiyo fedha.

Tusije tukaambiwa kwamba tunazua. Mambo haya yameelezwa kwa kiapo mbele ya majaji. Mwaka 2012 wanawake wawili walioishi Nairobi walifikisha malalamiko yao katika Mahakama Kuu. Wote walikuwa wamezuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyo ya umma na iliyofunguliwa tangu mwaka 1926, baada ya kujifungua mwaka 2010. Mmoja wao alizuiliwa kwa zaidi ya wiki tatu pamoja na mtoto wake mchanga, akalala sakafuni karibu na choo kilichokuwa kikifurika. Tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi alitoa uamuzi wake. Alisema kuwazuilia kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba heshima yao ya kibinadamu ilikuwa imekanyagwa. Aliamuru mmoja alipwe fidia ya shilingi 1,500,000 na mwingine shilingi 500,000.

Sauti hiyo haikubaki peke yake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Eldoret ilisema kwamba kumzuilia mgonjwa si njia inayokubalika ya kudai deni. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema vivyo hivyo kuhusu hospitali moja ya binafsi iliyokuwa imemzuilia mgonjwa kwa miezi kadhaa. Hata wafu wametetewa. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba maiti si mali ambayo mtu anaweza kuishika rehani mpaka alipwe, na miaka mingi baadaye majaji wa Nairobi wamekuwa wakiirejelea hukumu hiyo wanapoamuru familia zipewe wapendwa wao wakazike. Hivyo basi sheria imesemwa Pwani, Bonde la Ufa na katika jiji kuu. Lakini malango bado yanafungwa.

Ni vema msomaji aielewe sheria yenyewe, kwa maana mtu asiyeijua haki yake huishi akiiomba kama sadaka. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 29 kwamba hakuna mtu atakayenyang'anywa uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, na cha 39 kinalinda uhuru wa kwenda atakako. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, kisha kinaongeza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Zaidi ya hayo, Kenya iliridhia mwaka 1972 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao katika Kifungu chake cha 11 unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mapatano. Katiba yetu inaihesabu mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi.

Sasa na tupime mambo mawili kwa mizani moja. Mtu akishukiwa kuiba benki, polisi wanatakiwa kumfikisha mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa muda huo ukimalizika siku au saa ambazo mahakama haikai. Mtu akidaiwa na mfanyabiashara, mdai hana ruhusa ya kumfungia ghalani. Ni lazima ashtaki, apate hukumu, na hata akitaka mdeni apelekwe jela ya madeni, ni lazima kwanza mahakama imwite mdeni huyo na kumsikiliza kuhusu uwezo wake wa kulipa. Lakini mama aliyejifungua kwa upasuaji, asiye mwizi wala laghai, huzuiliwa wiki nzima kwa amri ya karani. Je, ni sheria ipi iliyompa karani wa hospitali mamlaka ambayo jaji mwenyewe hana? Hakuna. Tumetafuta katika vitabu vyote vya sheria za nchi hii na hatukuiona.

Wapo watakaosema kwamba hii ni shida ya watu wachache na kwamba ipo mijadala mikubwa zaidi ya kisiasa. Tunawakumbusha kwamba kizuizi na afya vimekuwa ndugu katika historia yetu. Kenneth Matiba na Charles Rubia walipotangaza hadharani mwezi Mei 1990 kwamba nchi inahitaji vyama vingi, walitiwa kizuizini siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini mwaka 1991 na hakupelekwa kutibiwa upesi. Hakurudi tena katika afya yake ya awali mpaka alipofariki mwaka 2018. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia kwa mateso hayo. Serikali iliyomnyima mtu uhuru ndiyo iliyomnyima tabibu. Leo mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu, kwani mtu huenda kwa tabibu akanyang'anywa uhuru.

Deni hili lilitoka wapi? Halikushuka kutoka mbinguni. Desemba 1989 serikali, ikisukumwa na wakopeshaji wa kigeni, ilianzisha mpango uliobatizwa jina la kuchangia gharama. Mgonjwa wa kutwa alitozwa shilingi 10 katika kituo cha afya na shilingi 20 katika hospitali. Kwa mtu mwenye mshahara mnono fedha hizo zilikuwa si kitu. Kwa mwananchi wa kawaida zilikuwa chakula cha siku. Katika kliniki kuu ya rufaa ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa waliofika katika miezi tisa ya malipo hayo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1992. Wanaume waliofika kila mwezi walipungua kwa asilimia 60, na wanawake kwa asilimia 35. Huo ulikuwa wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukienea, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa humfungulia njia. Malipo yale yalisimamishwa Septemba 1990, yakarudishwa kuanzia mwaka 1992. Hakuna anayeweza kutuonyesha makaburi ya wale ambao hawakurudi kliniki, lakini hesabu ya wagonjwa waliopotea ipo.

Kweli, baadaye palikuwa na hatua za mbele, nasi hatuna haja ya kuzificha. Mwaka 2004 malipo ya zahanati na vituo vya afya yalishushwa, na mwaka 2013 yakaondolewa. Mwezi Juni mwaka huo huo kujifungua katika hospitali za umma kukatangazwa kuwa bila malipo. Haya yalikuwa matunda ya kelele za wananchi, na ni ushahidi kwamba siasa ya vyama vingi, pamoja na kasoro zake, inaweza kumlazimisha mtawala amsikilize mgonjwa. Lakini upasuaji, kitanda cha wagonjwa mahututi, matibabu ya saratani na ya figo, vyote hivyo vimebaki kuwa mzigo unaoweza kuibomoa nyumba kwa wiki moja.

Tutoke sasa katika historia twende magharibi mwa jiji letu. Anayepita Barabara ya James Gichuru au Gitanga huona upande mmoja majumba ya Lavington yaliyozungushiwa seng'enge ya umeme, na si mbali, upande wa pili, mabati ya Kawangware. Kangemi nako kumepakana na Westlands na Loresho. Watu wa pande hizo mbili huonana kila alfajiri. Mpishi, yaya, mtunza bustani na mlinzi hutoka katika mabati na kuingia katika majumba. Hewa wanayoivuta ni moja, na kifua kikuu hakiulizi kitambulisho kwenye lango. Mtu wa Kawangware akiogopa hospitali kwa kuwa jirani yake alizuiliwa huko mwezi mzima, atameza vidonge vya dukani, ataendelea kukohoa, na kesho atakuwa jikoni Lavington. Mama mjamzito aliyesikia habari za kuzuiliwa atajifungulia chumbani, na damu ikimtoka usiku hakutakuwa na wa kumwokoa. Kwa hiyo kumzuilia mgonjwa mmoja ni kuwafukuza kumi wasiofika kamwe.

Mahakama imekwisha kutuonyesha kwamba kifungo si tiba. Mwaka 2010 wanaume wawili wa Kapsabet walitupwa gerezani kwa kosa la kutomaliza dawa za kifua kikuu, wakalazwa katika msongamano wa mahabusu wengine, kana kwamba ugonjwa wa mapafu hutibiwa kwa kufungiwa na umati. Mwezi Machi 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba kuwafunga gerezani kwa njia hiyo kulivunja Katiba. Funzo lake ni hili: ugonjwa hushindwa pale ambapo mgonjwa anamwamini anayemtibu. Imani hiyo ikivunjwa, hakuna askari wa kutosha kuirudisha.

Uovu huu una upande wake wa pili, nao ni mlango wa kuingilia. Hospitali inayoogopa kutolipwa hujifunza kumzuia mgonjwa asiingie kabla ya kujifunza kumzuia asitoke. Oktoba 2015 mwanamume aliyegongwa na gari magharibi mwa Nairobi alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Hospitali kuu ya umma haikuwa na nafasi, na kwingineko palitakiwa amana kabla ya lango kufunguliwa. Alipopokelewa hatimaye, muda ulikuwa umekwisha, akafa. Wakati huo Kifungu cha 43 kilikuwa na umri wa miaka mitano. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaja baadaye kutamka kwamba ni kosa la jinai kwa hospitali yenye uwezo kumnyima mtu matibabu ya dharura. Haki mbili, ya kuingia na ya kutoka, zimeandikwa, na kati ya hizo mbili amelala mgonjwa.

Si sisi peke yetu tuliojifunza kwamba uhuru ulioandikwa huweza kumwacha mtu mahali pale pale. Mbali huko chini ya milima ya Himalaya iko nchi ya Nepali, ambayo historia yake ya karibuni inafanana na yetu kuliko wengi wanavyojua. Mfalme alipiga marufuku vyama vya siasa huko mwaka 1960. Mwaka 1990, mwaka ule ule ambao Mchungaji Timothy Njoya alitumia mahubiri yake ya mwaka mpya kuuonya utawala wa chama kimoja hapa Nairobi, wananchi wa Nepali waliingia barabarani. Madaktari na wauguzi wa Kathmandu walikuwa miongoni mwao, kwa maana wao ndio waliokuwa wakishona majeraha ya risasi. Mwezi Aprili mfalme alisalimu amri na vyama vikaruhusiwa. Hapa kwetu Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Nao madaktari wetu waligoma mwaka 1994 wakidai, pamoja na mambo mengine, chama chao kitambuliwe. Walikataliwa, na chama cha madaktari hakikusajiliwa mpaka mwaka 2011.

Lakini katika nyanda za magharibi za Nepali zilikuwako maelfu ya familia, wengi wao wa kabila la Watharu, zilizoitwa kamaiya. Watu hao walimlimia mwenye ardhi ili kulipa deni. Deni halikwisha, kwani kila mwaka wa njaa au ugonjwa uliliongeza, na baba alipokufa mwana alilirithi. Miaka kumi ya vyama vingi ilipita wakiwa bado watumwa wa deni. Walipoandamana wenyewe, serikali ilitangaza tarehe 17 Julai 2000 kwamba wote ni huru na madeni yao yamefutwa. Ndipo wenye ardhi walipowafukuza. Wengi walijikuta katika mahema kando ya barabara na misitu, huru kabisa, wasio na shamba, choo wala zahanati. Watu wa Nepali waliendelea kudai, na katiba yao ya mwaka 2015, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia huduma za msingi za afya bila malipo na kukataza mtu kunyimwa huduma ya dharura. Huko nako, kama huku, kuandikwa kwa haki hakujawa mwisho wa safari.

Tunaitaja habari hiyo kwa sababu inatufundisha mambo mawili. La kwanza, deni likiachwa litawale mwili wa mtu, hugeuka kuwa utumwa hata katika nchi yenye kura na bunge. La pili, kutangaza kwamba mtu yu huru bila kumwandalia pa kusimama ni kumtoa chumbani na kumwacha mvuani. Hukumu za mahakama zetu zimetamka kwamba wagonjwa waachiliwe. Nani ameandaa fedha ili hospitali isife kwa kuwaachilia?

Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Hospitali hununua dawa, hulipa wauguzi, hulipa umeme na maji. Hospitali isiyolipwa itafungwa, na ikifungwa atakayeumia kwanza ni maskini yule yule. Hatuwachukii wasimamizi wa hospitali, na tunajua kwamba wengi wao hulala macho wakiwaza mishahara ya mwisho wa mwezi. Tunachosema ni kwamba mwili wa mgonjwa hauwezi kuwa dhamana ya mkopo. Mdai yeyote ana njia zake halali. Anaweza kuandikiana mapatano ya kulipwa kidogo kidogo. Anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kuyaamua kwa siku 60. Na pale ambapo mgonjwa hana kitu kabisa, deni lake ni letu sote, na linapaswa kulipwa na hazina ya umma.

Hapo ndipo serikali inapopaswa kusimama kizimbani. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijaitimiza ahadi hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondolewa, na mahali pake pameingia Bima ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa mtu haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Sheria zilizoileta bima hiyo zimeweka pia mfuko wa dharura na wa magonjwa mazito. Tunasema mfuko ni mzuri ukiwa na kitu ndani. Hospitali ikihudumia leo na kungoja malipo ya serikali kwa miezi mingi, itamgeukia aliye karibu nayo na aliye dhaifu kuliko wote, naye ni yule aliyelala kitandani.

Kwa ndugu zetu waumini tuna neno la pekee. Makanisa yalikuwa ngome ya mageuzi. Wakati milango mingine yote ilipofungwa, ya kanisa ilifunguliwa. Pia makanisa yana hospitali, na baadhi ya hospitali bora za nchi hii zilijengwa na wamishonari. Tunaomba kila jimbo, kila dayosisi na kila baraza la wazee liulize swali moja katika mkutano wake ujao: je, katika hospitali yetu yuko mtu aliyeruhusiwa na daktari na kuzuiliwa na karani? Mkumbukeni Msamaria Mwema. Alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akatoa alichokuwa nacho, akaahidi kulipa salio atakaporudi. Hatusomi popote kwamba mwenye nyumba ile alimfungia majeruhi chumbani mpaka Msamaria arudi. Aliliamini neno la mtu. Novemba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alisimama katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kule Kangemi, akawataja kwa majina vyoo, mitaro, shule na hospitali ambazo maskini wa mijini wamenyimwa, akaliita jambo hilo dhuluma. Waliokuwa pale walipiga makofi. Makofi hayatoshi.

Wazee walitufundisha kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ukimwona anauhitaji, unampikia. Sisi tumeunda taratibu ambazo mgonjwa huulizwa uji, huulizwa unga, huulizwa bei ya kuni, na akishakunywa huulizwa ni nani atakayemdhamini. Michango ya harambee ya kulipia hospitali, inayozunguka kila wiki kazini, makanisani na katika simu zetu, inaonyesha wema wa Wakenya. Inaonyesha pia kwamba wananchi wanalipa kodi mara mbili, mara ya kwanza kwa serikali na mara ya pili kwa ndugu zao.

Kwa hayo yote, tunadai mambo manne. Bunge lipitishe sheria inayotaja waziwazi kwamba kumzuilia mgonjwa au maiti kwa sababu ya deni ni kosa, na itaje adhabu ya anayeamuru, isimwangukie askari wa lango peke yake. Serikali ya taifa na ya kaunti zilipe hospitali madeni yake kwa wakati, na kutangaza hesabu hizo wazi kila baada ya miezi mitatu. Kila hospitali, ya umma, ya kanisa na ya binafsi, ibandike langoni, kwa Kiswahili, haki ya mgonjwa kuondoka na utaratibu wa kulipa polepole. Na Wizara ya Afya ihesabu na kutangaza ni wagonjwa wangapi wanaozuiliwa nchini, kwani hakuna anayeweza kukomesha jambo ambalo limekatazwa hata kuhesabiwa.

Tusingoje Bunge. Katiba imetuwekea silaha mikononi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea. Kinasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kuifungua kesi ya aina hiyo, na kwamba mahakama inaweza, ikilazimu, kupokea hata karatasi zisizoandikwa kwa mtindo wa kisheria. Kifungu cha 25 kinaitaja haki ya kuomba aliyefungiwa aletwe mbele ya jaji kuwa miongoni mwa haki ambazo haziwezi kupunguzwa hata kidogo. Basi kila kikundi cha haki mtaani na kila jumuiya ndogo ndogo ya kikristo na ichague watu wawili wa kutembelea wadi. Waandike jina la aliyezuiliwa kwa ridhaa yake, tarehe aliyoruhusiwa na daktari, na jina la ofisa aliyekataa kumwachilia. Wampelekee msimamizi wa hospitali barua ya heshima, wakitaja vifungu tulivyovitaja hapa. Malango mengi yatafunguka kwa barua hiyo tu. Yasipofunguka, mahakama ya Milimani iko juu ya kilima, na mawakili wa kujitolea wapo.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika pembe ya Uhuru Park inayoitwa leo Freedom Corner, wakakataa kula mpaka wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia na marungu na mabomu ya machozi. Wakakimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo kwa miezi mingi, na hatimaye wana wao wengi wakatoka gerezani. Mama hao hawakuwa na jeshi wala fedha. Walikuwa na hakika kwamba hakuna mtu wa kumfungia mwana wa mwenzake bila kumwambia kosa lake. Kutoka pale walipoketi mpaka kwenye wadi za hospitali kuu ya taifa ni mwendo wa kupanda kilima kwa miguu. Wananchi, tuupande.